Nguo Juu ya Ugo

Uso wa baba mkwe wangu niliuona mara moja tu, na siku hiyo alikuwa amekwisha kufa. Kabla ya hapo tulikaa mji mmoja wa ukoo miaka kadhaa. Nilikula mahindi yaliyotunzwa katika kihenge alichokisuka, nikapepeta kwa ungo wake, nikamlaza mwanangu katika kitanda kidogo cha mianzi alichokitengeneza kabla mtoto hajazaliwa. Lakini kama ungeniweka sokoni Isongole ukaniambia nimwonyeshe kati ya wanaume wengine, nisingemjua. Ningesubiri akohoe.

Kwa wasiotoka milima yetu ya Undali, hili linahitaji maelezo. Mwanamke akiolewa humwogopa baba wa mume wake. Ndivyo tunavyosema, kuogopa, ingawa hakuna anayetetemeka. Hamtazami, hasemi naye, halitaji jina lake, hakai naye chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mwanamke huingia majanini akageuza uso mpaka mzee apite. Mzee naye hamwiti mkwe wake kwa jina. Pakiwa na jambo la lazima, hulisema kwa mtoto, au kwa mbwa, au kwa chungu kilicho mekoni, na anayehusika husikia. Mimi mwenyewe nilicheka nilipoambiwa, maana nilizaliwa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Nyasa, katika nyumba ya watu wa misheni, na mama yangu alikuwa amekwisha kuamua kwamba Mkristo hakimbilii majanini kama kuku aliyeona mwewe.

Kwa hiyo sikuwa mjinga wa mambo. Nilijua kwamba watu wanaweza kuishi vingine na mbingu isianguke. Naliandika hili mapema ili msomaji asinionee huruma isiyo yangu.

Baba mkwe alikuwa fundi wa mianzi. Alisuka vikapu, matenga, nyungo na vihenge. Alitengeneza milango, vitanda na dari, na vichezeo vya watoto vyenye mbegu ndani, ambavyo hakuviuza, alivigawa tu. Watu walimfuata kutoka Isongole na kutoka ng'ambo, na wengine walitoka Unyiha huko juu, safari ya kulala njiani, wakaja kungojea tenga moja. Wangeweza kupata matenga karibu. Walikuja kwa sababu ukikaa kwenye kibanda chake cha kazi ulirudi nyumbani umecheka.

Mwinjilisti wetu alimkaripia kwamba anasuka machujio ya pombe na huku ni mshirika wa kanisa. Akamjibu, "Mimi nasuka matundu tu, mwalimu. Kinachopita humo ni shauri la mwenye chujio." Bibi mmoja alirudisha kapu akilalamika kwamba linavuja unga. Akaligeuza, akaligonga gonga, akasema, "Kapu halina tundu, mama. Hesabu wajukuu." Yule bibi alicheka mpaka akaomba maji.

Haya yote niliyasikia tu. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba yangu, na kati yetu palikuwa na ugo wa mianzi.

Ugo huo nao una habari yake. Nilipoletwa pale, njia ya kwenda mtoni ilipita mbele ya kibanda, na mimi ili nisimwone nilizunguka kwa juu, kwenye mawe, na mtungi kichwani. Siku moja ya mvua niliteleza, mtungi ukapasuka, nikabaki nimekaa kwenye matope nalia kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Alisikia. Kesho yake akaenda kukata mianzi, akaanza kusimika ugo kutoka pembe ya nyumba yangu mpaka njiani, mrefu kupita kichwa cha mtu, umesukwa kwa kubana hata jicho lisipenye, na ncha za mianzi juu ameziacha zimechongoka. Nilimsikia akimwambia mama mkwe kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mbuzi wa hapa wananiharibia kazi. Acha niwazuie." Mbuzi hatukuwa nao hata mmoja.

Tangu hapo nilipita wima kama mtu mwingine. Na mahali ugo usipofika, alikohoa. Alianza kukohoa mbali, tangu kwenye migomba, ili nipate muda wa kuingia ndani kwa utulivu bila kukimbia na kujikwaa. Alikohoa sana hata dresa wa zahanati ya misheni alipopita kutembelea vijiji alimpa chupa ya dawa ya kifua. Aliipokea kwa adabu. Nilisikia akimwuliza mama mkwe, baada ya dresa kuondoka, kama dawa hiyo inaweza kuua mchwa.

Mume wangu hakuwapo. Alikuwa ameshika njia ya Tunduma na wenzake kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia, kutafuta kodi na nguo. Basi jioni nilikaa na mtoto mgongoni upande wangu wa ugo, nikichambua mboga, nikimsikiliza baba mkwe na wageni wake. Nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Sijui aligundua lini. Najua tu kwamba baada ya muda alianza kusema kwa sauti zaidi pale penye utamu, na kama nilikuwa nimeingia ndani kuchochea moto, alisita, akaulizia habari za mvua, akakohoa, akangoja hadi aliposikia nimerudi kukaa. Halafu akamalizia. Wageni walidhani amesahau hadithi yake. Mimi nilijua ananingoja, na sijawahi kungojwa na mtu kwa namna ile tena.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika ukoo ule ilikuwapo njia ya kulegeza kuogopana. Baba mkwe akitaka, alichinja jogoo, akamtumia mkwe kidari kwa mkono wake mwenyewe, wakala siku moja mbele ya wazee, na baada ya hapo waliweza kusalimiana na kupeana kitu. Si kwamba wakae wakipiga soga, ila macho yalifunguliwa. Baada ya mtoto wangu kuzaliwa, mama mkwe alinijia nikiwa natwanga.

"Mwanangu," akasema, "baba yenu anasema amechoka kukohoa. Anasema mavuno yakiisha achinje jogoo, mfunguliwe. Unaonaje?"

Nikaacha kutwanga. Nikainamisha macho vizuri, kama nilivyozoea kuyainamisha, nikasema, "Mama, mimi bado naogopa."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema. "Atangoja."

Nilidanganya. Sikuwa naogopa hata chembe. Nilimpenda mtu yule kuliko nilivyompenda baba yangu, ambaye alikuwa mtu wa kununa. Ila nilipenda pia jambo jingine. Pale mtoni wanawake walikuwa wamenipokea kwa jina la mtu wa ng'ambo, wakingoja kuona watoto wa misheni wamefundishwa nini. Nami nikawaonyesha. Nilimwogopa baba mkwe kuliko mabinti wao waliozaliwa palepale walivyowaogopa wa kwao. Niligeuza uso hata aliposikika tu, nilikwepa hata kivuli chake, kanisani nilifunika kichwa changu chote kwa nguo na kukaa nyuma ya nguzo. Wakaanza kunisifu. Wakasema, tazameni mkwe wa fundi, hapo pana adabu. Sikuwa na ndugu pale, sikuwa na mume karibu, nilikuwa na sifa hiyo. Jogoo angeniondolea. Ningekuwa mkwe kama wakwe wengine.

Jioni ile, upande wa pili wa ugo, nilimsikia akisema na mtoto aliyekuwa mgongoni kwangu. "Mjukuu wangu," akasema, "mpe jogoo habari. Ameongezewa maisha."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikaona mambo yote yako sawa.

Ilikuwa wakati wa palizi. Watu wote wa mji walikuwa kwenye mteremko wa pili, ng'ambo ya kijito, na mama mkwe pamoja nao. Mimi nilibaki kwa kuwa mtoto alikuwa na homa. Baba mkwe alibaki kwa kuwa alikuwa na kihenge cha mtu cha kumaliza. Nilisikia panga lake likipasua mianzi, na mlio ule wa mwanzi unapoachana kuanzia juu hadi chini. Halafu nikasikia kitu kama mtu aliyevuta pumzi, na panga likaanguka.

Nikangoja akohoe. Hakukohoa.

"Mjukuu wangu," akasema baada ya kitambo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilinipoteza. "Uko hapo? Mwambie mama yako babu amejikata mguu. Mwambie alete nguo ya kufunga."

Nilijivua kaniki niliyojitanda juu, nikabaki na ya chini. Nikakimbia mpaka kwenye ugo. Hapo ndipo nilipo hata leo. Mwisho wa ugo haukuwa mbali, ilikuwa ni kupita upande wa njia na kuingia kibandani, hatua za mtu anayekwenda kuazima moto. Nilizifikiria. Nawaambia kweli, nilizifikiria. Nikafikiria kwamba atakuwa amekaa chini na mguu wazi mpaka pajani, na mimi sina nguo ya juu, na kwamba mtu akitokea atatukuta hivyo. Nikafikiria wale wa mtoni. Nikageuza uso pembeni kama mkwe mwema, nikaitupa nguo juu ya ugo kwa mkono mmoja, nikamfunga mtoto mgongoni sawasawa, nikakimbia kuita watu.

Nilipokuwa nateremka kwenye kijito nilimsikia nyuma yangu. "Mjukuu wangu! Mjukuu wangu!" Nilidhani ananihimiza. Nikaongeza mbio.

Watu walikuja wakikimbia, wanaume mbele. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na mtoto, nilifika mwisho, nikaenda kukaa mlangoni kwangu nimeupa ugo mgongo. Nilijiona nimefanya yote. Nilikuwa nahema na moyoni nilikuwa hata na furaha kidogo, ile furaha ya mtu aliyepeleka habari kwa wakati. Kisha mama mkwe akapiga ukelele, na sikuhitaji kuambiwa.

Baadaye, mji ulipokuwa umejaa watu, bibi jirani, yule wa kapu la unga, akanijia na kaniki yangu imekunjwa.

"Nguo yako hii, mwanangu," akasema. "Ilikuwa juu ya ugo."

Nikaipokea. Ilikuwa kavu. Nikaikunjua mbele yake, nikaigeuza upande huu na huu, natafuta damu, hata tone. Palikuwa na tundu moja tu karibu na pindo, ncha ya mwanzi ilipoishika. Bibi yule alisema wamemkuta amejiburuza kutoka alipokuwa ameketi mpaka chini ya ugo, mkono ameuegemeza juu. Alisema hivyo kwa upole, akidhani anaeleza tu, kisha akaenda kusaidia kuchota maji.

Siku ya kuzika, wanawake walinishika mikono wakaniingiza ndani. Mmoja akanifunua uso. "Mtazame," akasema, "sasa hakuna mwiko tena."

Nikamtazama. Nilikuwa nimejitengenezea mzee kichwani mwangu, mwenye mvi na makunyanzi, nikimjenga kutokana na kikohozi. Hakuwa mzee. Nywele zake zilikuwa nyeusi. Alikuwa na mdomo wa mwanangu, uleule, na alama ndogo za visu zimejaa vidoleni. Nilitaka kusema naye na sikujua namna, maana sikuwa na neno hata moja nililowahi kulitumia kwake. Nikamwita babu, kama angenisikia kupitia mtoto.

Alizikwa amezungushiwa jamvi la mianzi alilolisuka mwenyewe kwa ajili ya mtu mwingine, na mwenye jamvi alisema ni heshima kwake. Watu walijaa hadi kwenye migomba. Kila mmoja alikuwa na lake la kusimulia, wakawa wanalia na kucheka pamoja, maana hukuweza kumwongelea mtu yule bila kucheka. Kisha kaka yake akasimama kusema neno la ukoo, na katikati ya maneno akanitaja mimi. Akasema ndugu yake alikuwa na bahati ya wakwe. Akasema mkwe huyu wa ng'ambo, hata siku ya damu, hakuivunja heshima, alitoa nguo yake mwilini, alikimbia na mtoto mgonjwa mgongoni, na bado uso wa baba yake hakuuona. Wanawake wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Nilikuwa nimekaa katikati yao, na kila mmoja aliye karibu alinigusa bega.

Hakuna aliyenilaumu. Sijapata kusikia hata mnong'ono. Kwa miaka mingi mabibi waliwaleta maharusi wao mlangoni kwangu ili wanione, na mimi nikainamisha macho.

Mume wangu aliporudi kutoka migodini alilia kama mtoto, halafu akanishukuru. Alikuwa ameniletea nguo, kitambaa kizuri chenye maua, kirefu. Nilikikunja nikakitia sandukuni, na alipouliza mbona sikivai nilimwambia nakitunza. Hakuuliza tena. Ni mtu mwema, wote wa nyumba ile ni watu wema.

Nilipata kumwuliza dresa. Mtoto alikuwa amekua, nami nilimpeleka zahanati na kidonda, na nikauliza kama ninayeulizia jirani: mtu akijikata pajani na panga, afanywe nini? Akachukua kipande cha bendeji, akanifunga mkononi juu ya kiwiko, akaingiza kijiti, akakizungusha hadi vidole vyangu vikafa ganzi. "Hivi tu," akasema. "Hata mtoto anaweza, ila awahi." Kisha akaniuliza habari za mzee yule wa kikohozi, kama dawa ilimsaidia. Nikamwambia ilimsaidia sana.

Ule ugo ulidumu. Baba mkwe alikuwa akikata mianzi yake kwa msimu wake na kuikausha kwa moshi, kwa hiyo wadudu hawakuugusa. Mvua ziliusugua ukawa wa kijivu, kahawa ikapandwa kando yake, na hakuna aliyethubutu kuung'oa kwa kuwa ulikuwa kazi yake ya mkono. Kila asubuhi nilipita pembeni mwake kwenda mtoni. Zile ncha za juu nilizijua moja moja.

Halafu yule mtoto wa mgongoni akaoa. Akamleta msichana kutoka Unyiha, mwepesi, mcheshi, na tangu siku ya kwanza akaanza kumkimbia mume wangu. Nilimwona akijitupa nyuma ya kihenge. Nikasikia wanawake wakisema, ndiyo, amefika kwenye nyumba yenyewe, atafundishwa na mwenyewe. Na mume wangu akaanza kukohoa njiani.

Nilimwambia wazi, sitaki. Nikamwambia achinje jogoo leo, si baada ya mavuno. Alisema nimezeeka vibaya. Alisema msichana hata mwezi hajamaliza, watu watamwona hana malezi, na mimi mwenye jina langu ndiye ninayesema hivyo? Tulibishana mpaka sauti ikatukauka. Mwishowe alikwenda kukata mianzi amsimikie ugo, kama baba yake. Yeye si fundi, ugo wake uliinama upande, lakini ulikuwa mrefu kupita kichwa.

Nikamwambia aweke mlango katikati.

"Mlango wa nini?" akauliza. "Wa baba haukuwa na mlango."

Nilikaa chini mbele ya ugo wake na sikupika mpaka alipokata mlango, akauning'iniza kwa kamba za magome, akaenda zake akinung'unika.

Kisha nikamwita yule msichana. Nikamwambia aufungue. Akaufungua kwa kidole kimoja, uso ameugeuzia pembeni, vizuri kabisa. Nilijiona mimi.

"Mama," akasema, "nitaufungua lini?"

"Ukisikia baba anaita."

"Lakini hawezi kuniita mimi."

"Ataita mtoto. Ataita kuku. Wewe fungua, upite, na macho yako yakiwa mbele."

Akacheka kwa aibu, akijifunika mdomo. "Watu watasema sina adabu."

"Watasema," nikamwambia. "Funga. Haya, fungua tena."